Magugu Nyuma ya Maabara

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha kupiga chafya maktabani ukaitikiwa jikoni. Walimu wachache, kazi chungu nzima, na kila mwalimu alibeba vyeo vitatu vinne ambavyo havikumwongezea kitu ila kuumwa kichwa. Mwalimu wa mimea, mama wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Mama Magugu kwa siri (siri aliyoijua tangu siku ya kwanza, na jina likampendeza), alikuwa pia mlezi wa bweni la wasichana na msimamizi wa mitihani. Mwaka huo akaongezewa uenyekiti wa kamati ya maandalizi ya Siku ya Utafiti na Sanaa. Aliupata kwa sababu hakuhudhuria kikao. Pale chuoni asiyekuwepo ndiye anayechaguliwa, na akirudi anapongezwa.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ni ule unaoamka nao, unaoga nao, na chai mnakunywa pamoja. Mume wake, mstaafu wa posta asiye na maneno mengi, alikuwa akimtazama asubuhi anavyohangaika na viatu, kisha anauliza, "Mama watoto, unavaa viatu au unafungwa pingu?"

"Vyote viwili," anajibu, na huyo anaondoka.

Kitu kimoja tu kilimtoa nyumbani kwa hiari, nacho kilikuwa nyuma ya maabara, ambako hakuna mgeni aliyewahi kupelekwa. Palikuwa na vipande viwili vya ardhi kwenye mteremko, kila kimoja ukubwa wa kitanda, vimezungushiwa vigingi na kamba. Kimoja kilikuwa kitupu, kinapaliliwa kila wiki mpaka kinang'aa. Kingine kilikuwa kimeachwa magugu yajiotee yapendavyo, nayo yalijiotea bila haya, mengine yakimfika mtu kiunoni. Chini ya kila kipande lilifukiwa beseni la kukinga tope linaloshuka na mvua.

Hiyo ilikuwa kazi ya Rula. Rula alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti mrefu mwenye shingo ya kuchungulia, aliyebandikwa jina hilo na wenzake kwa sababu hakuacha kitu bila kukipima. Ukimpa kiti, anaangalia kwanza kama miguu yote ni sawa. Alikuwa amekuja kwa Mama Magugu na swali lililomkaa rohoni tangu shule ya msingi. Kila aliyechelewa shule alikuwa akiadhibiwa kung'oa majani uwanjani, na kila mvua iliponyesha, uwanja uliondoka na maji, mwisho msingi wa darasa ukabaki unaning'inia. Je, yale majani waliyoyaita uchafu hayakuwa yameushika udongo wao?

Mama Magugu alikuwa amepokea tafiti nyingi mno za wanafunzi kunakiliana, hata makosa wakanakili. Aliposikia swali lile alihisi kitu kikimchangamsha ambacho alidhani kimekufa zamani. Tangu hapo wakawa wawili. Baada ya kila mvua Rula alitoa tope kwenye mabeseni, akalikausha, akalipima kwenye mizani ya maabara, na Mama Magugu akisimama pembeni miguu ikimuuma, akauliza, "Enhe?" kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira.

Tatizo lilikuwa mvua zenyewe. Zilikuja za kubabaisha, manyunyu ya kuroweshea vumbi, na ingawa kipande kitupu kilipoteza udongo zaidi, tofauti ilikuwa ndogo, ya kumfanya jaji akune kidevu. Walihitaji mvua moja ya nguvu, ya kuzima mazungumzo chini ya bati. Na walihitaji inyeshe kabla ya siku yenyewe, maana kazi bora ya mwaka ilimpa mwanafunzi nafasi ya mwaka mzima katika chuo kikuu, kwenye maabara yenye vifaa vya kweli, chakula na malazi juu yao. Mama yake Rula alikuwa fundi cherehani, mjane, na njia nyingine ya kumfikisha bintiye huko hakuwa nayo. Rula hakulisema hilo mara kwa mara. Alilisema mara moja, akainama akaendelea kupima.

Alhamisi, maonyesho yakiwa Jumamosi, Mama Magugu alikuwa ofisini na rundo la mitihani mbele yake na simu sikioni. Mtu wa mahema alikuwa anamweleza kwa nini viti vimepungua. Muda si mrefu kabla ya hapo, Mkuu wa Chuo alikuwa amechungulia dirishani na kusema mazingira ni aibu tupu, wageni watadhani wamefika porini. Basi mtunza bustani, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya mnada, akaja akasimama mlangoni na jembe begani.

"Mwenyekiti, mbele nimemaliza. Na nyuma?"

"Na nyuma."

"Mpaka nyuma ya maabara?"

"Jamani, nyuma ni nyuma!"

"Kuna yale ya kwenye kamba, nilikuwa nauliza kama..."

"Yote, baba. Lima yote, nisione hata unyasi." Kisha akarudi kwenye simu, "Hapana, si wewe. Viti mia mbili tulivyokubaliana viko wapi?"

Hakumsikia vibaya. Alimsikia sawasawa, neno kwa neno, na ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote. Ila "yote" ile ilitamkwa na mwenyekiti wa kamati, na mwalimu wa mimea hakuwemo ofisini wakati huo. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hulipa swali jibu lolote mradi liondoke mlangoni.

Jioni mvua ikanyesha. Si mvua, ni gharika. Ilianza Mama Magugu akiwa anakata vitunguu, ikapiga bati mpaka redio ya mume wake ikawa inafungua mdomo bure. Mama Magugu akaacha kisu, akaenda kusimama mlangoni, maji yakimrukia miguuni.

"Ndiyo hii!" alimpigia mume wake kelele. "Mvua ya Rula hiyo!"

"Ya nani?"

"Ya Rula! Mwache Mungu aitwe Mungu!"

Mume wake hakuwa amemwona akicheka hivyo kwa muda mrefu, akaenda akasimama naye pale mlangoni, wote wawili wanaangalia maji, wanalowa kama watoto. Alilala usingizi wa moja kwa moja. Asubuhi viatu viliingia vyenyewe.

Alipofika nyuma ya maabara alimkuta Rula amesimama. Mbele yake hapakuwa na vipande viwili tena. Palikuwa na tope moja, limelimwa vizuri, limeparazwa sawia kwa reki, na juu yake mvua imechora mifereji mpaka ukutani. Vigingi vilikuwa vimeegeshwa pembeni kwa adabu, kamba imekunjwa juu yake. Mabeseni hayakuwepo. Baadaye waliyakuta jikoni, mpishi anasuuzia sahani za wageni, naye akawaonyesha kwa furaha jinsi alivyoyasugua yakatakata.

"Nani amefanya hivi?" Rula aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mtunza bustani alikuwa anapita na toroli. Hakuwa mtu wa kuficha mambo. "Nimefanya mimi, nimeagizwa na mwenyekiti."

"Mwenyekiti gani?"

"Si huyo hapo?" Akamwonyesha kwa kidevu, mikono yote iko kwenye toroli. "Nilimuuliza hata ya kwenye kamba, akaniambia yote. Au nimekosea, mama?"

Rula alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akageuka kumtazama mwalimu wake, na kicheko kikamfia usoni.

"Hukukosea," Mama Magugu alimwambia mtunza bustani. "Nenda tu."

Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema simu, mahema, Mkuu, mitihani. Kila neno alipolishika likawa kama la mwanafunzi aliyechelewa kuleta kazi, na hayo alikuwa ameyasikia maisha yake yote ya ualimu bila kuyaamini. Akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Rula hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alichuchumaa, akashika tope, akalifinya, likamtoka katikati ya vidole. "Tuliisubiri hii mvua," alisema, "imekuja kweli, imekuta tumefyeka." Alisema tumefyeka, na ule wingi ulimchoma Mama Magugu kuliko kama angetajwa peke yake.

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo kila mtu analijua. Lakini nani aliyewahi kumwaga maji asiiname kujaribu? Waliingia maabara. Bango la Rula lilikuwa mezani limekamilika, majedwali na michoro imepangwa kwa mkono usiotetemeka, isipokuwa safu moja ya mwisho iliyoachwa wazi kwa ajili ya mvua kubwa. Mama Magugu aliiangalia ile safu nyeupe. Magoti yalimuuma, macho yalimuuma, na hatia ilikuwa imemkaba mpaka akatamani mtu amtukane.

"Tunajua ingetoka nini," alisema.

"Tunajua?"

"Umepima mvua zote, mkondo wake unauona. Mvua kama ya jana, kitupu kingepoteza mara sita, mara saba ya cha magugu. Weka hivyo."

Rula alimtazama. "Mwalimu, mwaka wa kwanza ulimtoa mtu darasani kwa jambo hilihili. Ulisema namba ya kupika haina tofauti na chakula cha kuchora."

"Yule hakuwa ameona mvua hata moja. Wewe umeziona zote."

"Hii sijaiona."

"Kwa sababu yangu. Si kosa lako, kwa nini ulipie wewe?" Akachukua kipande cha karatasi, akaandika namba mbili, akazisogeza mezani. Zilikuwa namba nzuri. Miaka aliyofundisha ilimwezesha kujua namba ya uongo inavyotakiwa kuonekana: isiishie na sifuri, isiwe safi mno.

"Na kesho utasimama useme?" Rula aliuliza.

Hapo ndipo penyewe. Chuoni kulikuwa na desturi ya tangu kianzishwe, na wengine waliionea fahari kuliko vyeti: kabla mwanafunzi hajafungua mdomo, msimamizi wake husimama mbele ya wageni na kusema, "Kazi hii nimeiona kwa macho yangu." Hayo tu, anakaa. Hakuna saini wala muhuri uliozidi maneno hayo.

"Nitasimama," alisema Mama Magugu.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema kuonya. Hawakujua kwamba kwa mtu aliyechoka njia fupi ndiyo hasa anayoitafuta.

Siku ile nzima alihangaika na viti. Jioni mume wake alimuuliza mvua ya Rula ilileta nini, akajibu, "Tope." Hakula. Alilala kifudifudi, na alipoamka alikuwa na uamuzi mmoja tu uliomchosha kuliko mwingine wowote: atamwambia Rula aifute.

Jumamosi ukumbi ulikuwa umejaa. Sanamu za udongo, daraja la vijiti, sabuni za kutengeneza wenyewe, kikundi cha maigizo kikifanya mazoezi ya kulia kwenye korido. Mama yake Rula alikuwa amefunga kibanda chake cha kushonea, amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, amekaa mstari wa mbele kabisa. Alipomwona Mama Magugu aliinuka, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, umenilelea mtoto. Sina cha kukupa."

"Kaa, dada, kaa," alijibu, na akashindwa kumtazama.

Rula alikuwa amesimama karibu na bango lake. Safu ya mwisho ilikuwa imejazwa kwa wino uleule na mkono uleule. Mchoro ulikuwa umepanda mwishoni kama mlima. Ulikuwa mchoro mzuri. Mtu yeyote mwenye macho angeuamini.

"Ifute," Mama Magugu alimnong'oneza.

"Nini?"

"Futa ile safu. Nilikosea jana. Nilikosea mara mbili."

Rula aliangalia kule mbele alikokaa mama yake, kisha akamrudia mwalimu, na uso wake ulikuwa mgumu kuliko Mama Magugu alivyowahi kuuona. "Sikulala jana. Nilikataa moyoni, nikakubali, nikakataa. Mwisho nikasema mwalimu wangu anajua zaidi yangu. Nikaandika. Sasa hivi, watu wamekaa, ndiyo unakuja kuniambia futa?"

"Ndiyo, sasa hivi."

"Jana ulinipa namba, leo unaninyang'anya. Mimi ni daftari lako la kuandikia na kufuta?"

Wakati huohuo Mkuu wa Chuo aliita kwenye kipaza sauti kazi inayofuata, udongo na magugu, msimamizi tafadhali. Watu wakageuka. Mama Magugu akatembea mpaka mbele. Safari ile ya hatua chache ilimchosha kama kupanda ghorofa. Alijua akisema maneno yale sita, Rula ataondoka pale mshindi, mama mtu atapiga vigelegele, na hakuna kiumbe duniani atakayejua. Alijua pia kwamba binti yule ataingia kwenye maabara ya kweli, yenye vifaa vya kweli, akiwa ameshafundishwa na mtu anayemwamini kwamba mvua ikikosekana unaweza kuiandika.

"Kazi hii nimeiona kwa macho yangu," alisema. Watu wakaanza kupiga makofi. Akainua mkono. "Bado. Nimeiona isipokuwa safu ya mwisho. Safu ya mwisho sikuiona, wala mwanafunzi wangu hakuiona. Magugu yalilimwa Alhamisi kwa amri yangu mwenyewe, na zile namba nilimpa mimi. Alinikatalia, nikamshinda kwa ualimu. Hizo nyingine zote ni zake, na ni za kweli."

Kutoka kwenye korido wakasikika wale wa maigizo wakilia. Mkuu wa Chuo alikohoa. Jaji mmoja akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Rula alieleza kazi yake. Aliieleza vizuri, kipande kwa kipande, na alipofika kwenye safu ya mwisho aliifunika kwa kiganja na kuendelea kuzungumza. Hakumtazama mwalimu wake hata mara moja. Nafasi ilikwenda kwa kijana wa daraja la vijiti, aliyelikanyaga mbele ya wote likambeba, na kwa haki kabisa makofi yakawa yake.

Watu walipoanza kutawanyika, mama yake Rula alimfuata Mama Magugu kwenye ngazi. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amenywea tu. "Ungenyamaza, mwalimu," alisema. "Nani alikuuliza? Ungenyamaza tu." Akashuka ngazi taratibu, ameshika upindo wa gauni lake jipya usiguse chini.

Mama Magugu alitafuta mahali pa kukaa ambapo hakuna atakayemuuliza kuhusu viti. Miguu ikampeleka kulekule nyuma ya maabara. Akageuza ndoo, akaikalia, akavua viatu, akauacha mgongo ukajiegemeza ukutani. Tope lilikuwa limeanza kukauka na kupasuka. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akalia, bila kelele, kama mtu anayetimiza wajibu uliocheleweshwa.

Hakusikia hatua. Aliona kivuli kirefu, akainua macho. Rula alikuwa amebeba vile vigingi na kamba.

"Mwalimu, sogea kidogo. Umekaa kwenye kipande."

Akasogea, na ndoo yake. Rula akapigilia kigingi cha kwanza kwa jiwe, akapima, akapigilia cha pili. Alifanya kazi kimya mpaka pembe zote zikatimia, kisha akasimama akifuta mikono.

"Nitarudia mwaka," alisema. "Mkuu amekubali. Sijawahi kuona magugu yakilimwa hivi yanarudi vipi, na udongo unashikwa tangu lini. Naanza leo."

Mama Magugu aliinuka nusu kwenye ndoo. "Vizuri, mwanangu. Vizuri sana. Mabeseni nitayadai mwenyewe jikoni, na hao wenye majembe..."

"Nimemwomba mwalimu wa hesabu anisimamie," Rula alisema.

"Yule hajui gugu wala mchicha," Mama Magugu alisema.

"Atajifunza."

Alitaka kubisha. Alikuwa na haki ya kubisha, kwa kuwa chuo kizima hakikuwa na mwalimu mwingine wa mimea. Badala yake aliinama, akachukua viatu vyake mkononi, akasimama.

"Mwambie asikubali uongozi wa kamati," alisema, akaondoka pekupeku, akipita mbali na kamba.